Maisha ya Rumanyika wa Karagwe: Maelezo kwa Walimu wa Historia

Katika vipindi vingi vya Historia jina la Rumanyika hutajwa mara moja na kupita. Mwalimu anapofika kwenye safari za wapelelezi wa Kizungu waliotafuta chanzo cha mto Nile, huandika ubaoni kwamba mwaka 1861 Speke na Grant walipokewa vizuri na mfalme wa Karagwe, kisha huongoza darasa moja kwa moja hadi Buganda na maporomoko ya Jinja. Mfalme huachwa mlangoni mwa nyumba yake, amesimama, akiwapungia wageni mkono. Tumeliona jambo hili zaidi ya mara moja tulipowakagua wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Nshamba na katika vijiji vinavyopakana nayo. Lililotushangaza ni kwamba baadhi ya watoto waliokaa kwenye madawati walikuwa na habari nyingi kuliko andalio la somo. Nshamba imo katika Ihangiro, na Ihangiro ilitawaliwa na Wahinda, ukoo uleule uliotawala Karagwe. Mtoto aliyekwisha kumsikia babu yake akimtaja Ruhinda jioni, asubuhi hawezi kuridhika na sentensi moja kuhusu mtu mkarimu.

Kwa hiyo tumeona vema kuyaeleza hapa maisha ya mtawala huyo kwa kadiri yanavyojulikana, na kuonyesha njiani mahali ambapo mwalimu atahitaji hadhari. Hadhari hiyo ni ya lazima, kwa sababu sehemu kubwa ya habari za Rumanyika imetufikia kupitia kalamu za watu waliokaa naye kwa majuma au miezi tu, nao walikuwa na shughuli zao.

Karagwe ni nchi ya vilima vyenye majani, magharibi ya Bukoba, iliyozungukwa na mto Kagera upande wa Rwanda na upande wa Uganda. Mapokeo ya wenyeji yasema kwamba hapo kale nchi ilikuwa chini ya Nono wa ukoo wa Wasita, hata alipokuja Ruhinda, ambaye mapokeo humwita mwana wa Wamara, wa mwisho katika watawala wa Kichwezi. Kwa Ruhinda na wanawe watemi wa nchi kadha wa kadha za ukanda huu walihesabu asili yao, Ihangiro ikiwa mojawapo. Makao makuu ya watawala wa Karagwe yalikuwa Bweranyange. Baba yake Rumanyika, Ndagara, alitawala katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, naye alisifiwa kwa ufundi wa chuma. Ng'ombe wadogo wa chuma waliotunzwa katika hazina ya Bweranyange huhesabiwa kuwa kazi ya mikono yake, au angalau ya wakati wake. Jambo hilo lina uzito. Katika nchi hizi nyundo na fuawe vilikuwa miongoni mwa alama za utawala, pamoja na ngoma, na mtawala alikuwa kama mhunzi wa nchi yake: yeye ndiye aliyeshika uwezo wa kugeuza jiwe kuwa jembe na mkuki.

Ndagara alifariki katikati ya miaka ya 1850. Hapo ndipo maisha ya Rumanyika yanapoanza kuonekana wazi, nayo yanaanza kwa ugomvi.

Wana watatu walihesabiwa kuwa na haki ya kurithi: Rumanyika, Nnanaji na Rogero, kama wageni walivyoyaandika majina yao. Rumanyika alimzidi Rogero kwa umri, na kwa hesabu ya kawaida mambo yangekwisha hapo. Lakini Rogero alileta hoja ambayo mwalimu hapaswi kuiruka, maana watoto huipenda na huibishia kwa nguvu. Alisema kwamba kaka zake walizaliwa wakati baba yao alikuwa bado mtu wa kawaida, hajakalia kiti. Yeye peke yake alizaliwa na baba aliyekwisha kuwa mtawala. Basi wao walikuwa wana wa Ndagara tu, na yeye alikuwa mwana wa mfalme. Hoja hii si ya kipumbavu. Katika falme nyingine za dunia ilipata kushinda.

Wakuu wa nchi waliwapima wana hao kwa ngoma. Waliweka chini mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa nguvu ambazo zingeifanya nzito isiinuke kwa mtu asiye na haki. Wengine walishindwa kuiinua; Rumanyika aliiinua kwa kidole kidogo. Ndivyo yeye mwenyewe alivyomsimulia Speke baadaye. Kulikuwa na jaribio la pili pia: mrithi aliketishwa mahali fulani pa nchi ambapo, kwa imani ya watu, ardhi iliinuka naye juu sana hata akaiona nchi yote, kisha ikamshusha taratibu kama amekubaliwa, au ikaporomoka naye kama hakukubaliwa. Rumanyika alishuka salama. Mwalimu asicheke anapoyaeleza haya, wala asiyaeleze kama mtu anayeyaamini. Ayaeleze kama sheria ya uchaguzi ilivyokuwa: baraza la wakuu lilikuwa na njia ya kumtangaza mtu wao, na njia hiyo ilikuwa na heshima ambayo kura ya siri ya leo inaitafuta.

Hata hivyo, ngoma haikumaliza shauri. Rogero alikusanya wafuasi, na nchi ikaingia katika vita. Hapa anaingia mtu wa tatu, Musa Mzuri, mfanyabiashara mwenye asili ya Bara Hindi aliyekaa Tabora, mji ambao misafara iliuita Kaze. Musa alikuwa akinunua pembe za ndovu Karagwe, na vita vilimharibia biashara. Burton, aliyekaa Tabora mwaka 1858, aliandika habari alizozisikia huko kwamba Musa alitoa pembe kwa Kabaka Suna wa Buganda ili jeshi la Waganda lije kumsaidia mtawala wa Karagwe dhidi ya ndugu yake. Lakini katika masimulizi hayo majina yamepinduka, na Rumanyika ndiye ndugu mwasi aliyeshindwa na kutobolewa macho. Speke, aliyemkuta Rumanyika mzima na macho yake yakiona vizuri, aliandika kwamba Musa na Waarabu walimsaidia kwa watu wenye bunduki hata Rogero akafukuzwa. Tunawashauri wanachuo waziweke habari hizi mbili ubavuni kwa ubavu ubaoni. Hakuna somo jepesi zaidi la kumwonyesha mtoto kwamba kitu kuandikwa kitabuni si sawa na kuwa kweli. Burton alisikia mbali, na uvumi ulikuwa umekwenda mwendo wa wiki nyingi. Lakini habari zote mbili zinakubaliana katika jambo moja, nalo ndilo kubwa: ugomvi wa nyumbani uliamuliwa kwa mkono wa mgeni aliyekuwa na mali.

Mwenye kutaka mfano wa mbali atauona Uskoti. Mfalme wao Alexander wa Tatu alifariki mwaka 1286, na mjukuu wake Margaret, aliyekuwa mrithi, akafariki mwaka 1290 kabla ya kukanyaga nchi ile. Wadai wa kiti wakawa wengi, miongoni mwao watu wa nyumba za Balliol na Bruce, na masharifu wa nchi wakamwomba Edward wa Kwanza wa Uingereza awe mwamuzi. Aliamua mwaka 1292, akampa John Balliol. Mwaka 1296 aliingia Uskoti na jeshi. Ilibidi mjukuu wa yule Bruce aliyeshindwa ashike upanga na kujitawaza mwaka 1306 ndipo waanze kukitoa kiti chao katika mikono ya jirani. Rumanyika hakupata jirani wa namna ya Edward mara moja, lakini Buganda ilikuwa kaskazini, yenye nguvu, nayo haikusahau njia ya kuja.

Basi alipotulia kwenye kiti, Rumanyika alikuwa mtawala mwenye wadai watatu nyuma ya mgongo wake. Ndugu alikuwa hai na ana wafuasi. Kabaka alitazamia heshima na zawadi. Wafanyabiashara wa pwani, waliokuwa na kituo chao Kafuro karibu na Bweranyange, walikuwa na bunduki zilizompa ushindi. Ukimtazama kwa jicho hili, mambo yake mengi ambayo wageni waliyaita upole huonekana kuwa hesabu. Hatusemi kwamba hakuwa mpole. Wote waliomwona wanakubaliana juu ya utulivu wake, sauti yake na kimo chake kirefu. Tunasema kwamba upole wake ulikuwa na kazi.

Tutazame ushuru. Msafara uliotoka Tabora kwenda kaskazini ulipita nchi nyingi, na karibu kila mtawala alidai hongo. Speke na Grant walizuiwa kwa muda Usui kwa mtemi Suwarora, wakatozwa vitambaa na shanga na nyaya hata wakachoka. Walipovuka mpaka wa Karagwe mambo yaligeuka. Mjumbe wa mfalme aliwapokea, wakapewa chakula vijijini bila malipo, na hakuna aliyewazuia njiani. Mwalimu akiliita jambo hilo ukarimu tu, amekosa nusu ya habari. Njia ya kwenda Buganda ilipita Karagwe, na mfanyabiashara hupenda njia anayopita salama kwa gharama anayoijua. Nchi iliyowaburudisha wapita njia ilipata pembe, nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki kupita mlangoni mwake mwaka baada ya mwaka.

Wapelelezi hao wawili walifika Bweranyange tarehe 25 Novemba, 1861. Kwa wasomaji wa lugha yetu kuna jambo hapa ambalo lingestahili kuwamo katika kila kitabu cha shule: Rumanyika aliwasalimu kwa Kiswahili, na Speke alikisifu kuwa kizuri. Miaka mia moja kabla lugha hii haijatangazwa kuwa ya taifa, mtawala wa nchi ya bara, mwendo wa miezi kutoka Bagamoyo, aliitumia katika baraza lake kuzungumza na mgeni wa kutoka Ulaya. Aliipata kwa watu wa Kafuro na misafara yao. Wapo waalimu wanaofundisha kuenea kwa Kiswahili kana kwamba kilipelekwa bara na serikali za kikoloni na shule. Wamwonyeshe mwanafunzi Rumanyika ameketi na nduguye Nnanaji.

Speke alikaa majuma zaidi ya sita, hadi tarehe 10 Januari, 1862. Mazungumzo yao yalikuwa marefu. Rumanyika aliuliza habari za dunia, jua, nchi za mbali na mambo ya wafu. Aliuliza pia jambo jingine, ambalo wasimulizi wengi hulificha ili sura ya mfalme mpole isiharibike. Alitaka kujua kama mgeni alikuwa na dawa ya kumwangamiza Rogero. Alipoulizwa angemfanya nini akimpata, alijibu kwamba asingemwua. Angemtoa macho tu na kumwacha aende zake, maana asiyeona hawezi kudhuru. Tunaona ni bora mwalimu wa madarasa ya juu ayaseme haya kwa maneno machache na kwa sauti ya kawaida. Mtoto atamwelewa zaidi mtawala aliyelala usiku akimwogopa ndugu yake kuliko mtakatifu wa kwenye picha. Tena inaeleza kwa nini aliwapenda wageni wenye bunduki.

Palikuwapo pia shauri la elimu, linalotuhusu sisi kwa kazi yetu. Speke alijitolea kuchukua watoto wa nyumba ya mfalme wakasomeshwe Uingereza. Hakuna mtoto aliyekwenda. Si vigumu kuona kwa nini mzazi angesita kumtoa mwana kwa mtu aliyemfahamu kwa mwezi mmoja, ampeleke asikokujua, asomeshwe asiyoyajua. Mwanachuo anaweza kuwauliza wanafunzi wa darasa la sita wangemshauri mfalme nini, na asubiri majibu. Tuliwahi kusikia mjadala huo ukiendelea hata kengele ya mapumziko ikapigwa, na hakuna aliyeinuka.

Kila mwezi mwandamo ulipoonekana, ngoma zilipigwa mbele ya mfalme, na wakuu wakaja mmoja mmoja kurudia kiapo cha utii. Speke aliitazama sherehe hiyo akaona tamasha. Sisi tunaiona ofisi. Mtawala aliyepata kiti kwa vita alihitaji kuhesabu watu wake mara kumi na mbili au kumi na tatu kwa mwaka, asiyefika alijulikana. Hapakuwa na karatasi wala posta, lakini mwezi uliwafikia wote kwa siku moja.

Habari nyingine aliyoiandika Speke ilisomwa Ulaya kuliko zote: wanawake wa nyumba ya kifalme walionyweshwa maziwa hata wakanenepa wasiweze kusimama. Alimpima mmoja wao kwa kipimo, mkono, kifua na paja, kama mnunuzi anavyompima ng'ombe mnadani, akavichapisha vipimo hivyo kitabuni mwaka 1863. Hatuoni faida ya kuvipeleka vipimo hivyo darasani. Kinachofaa ni kueleza kwamba katika nchi ya wafugaji maziwa yalikuwa utajiri, na kwamba mwili wa mke wa mkubwa ulionyesha wingi wa zizi la mumewe. Nyuma ya zizi hilo walikuwapo watu wengi ambao Speke aliandika habari zao kwa uchache, yaani wakulima wa migomba, mtama na maharage, waliotoa chakula na kazi kwa wakubwa wenye ng'ombe. Msafara haukulishwa na mfalme kwa mikono yake. Vyakula vile vya bure vijijini vililimwa na mtu, na mtu huyo hakuulizwa.

Sasa tumefika mahali penye hatari kuliko pengine pote katika somo hili. Speke alipoitazama sura ya Rumanyika na ndugu zake, urefu wao, pua zao na ng'ombe wao, aliamua kwamba watawala wa nchi hizi hawakuwa wa asili ya hapa. Walitoka Uhabeshi, na kwa huko walikuwa na uhusiano na watu wa Biblia, hata Mfalme Daudi. Alimweleza Rumanyika hivyo, naye akafurahi. Hatushangai. Mtawala aliyebishiwa kiti na ndugu yake amepewa na mgeni nasaba ndefu kuliko ya Rogero, angeikataaje? Lakini nadharia hiyo haikuwa na ushahidi wowote zaidi ya macho ya msafiri. Haikutoka katika mapokeo ya Ruhinda na Wamara, na haikutoka katika lugha, maana Wahinda walisema lugha ileile ya majirani zao. Iliingia katika vitabu kwa sababu iliwapendeza waliotaka kuamini kwamba utawala mzuri katika Afrika lazima uwe umeletwa kutoka nje.

Na vitabu viliendelea kutembea baada ya Speke kufariki mwaka 1864. Wajerumani, kisha Wabelgiji, walitawala Rwanda na Burundi kwa fikra hiyo, wakiwapanga watu katika madaraja ya waliozaliwa kutawala na waliozaliwa kutawaliwa. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliyaandika majina ya makundi hayo katika vitambulisho. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, Kagera ileile ambayo Rumanyika aliitazama kutoka vilima vyake ilibeba miili ya watu hadi Ziwa Viktoria, na wakimbizi kwa mamia ya maelfu waliingia Ngara na Karagwe. Hatumtwiki mfalme mzigo huo. Yeye alifurahia sifa tu. Lakini mwalimu wa Kagera anayesimama mbele ya watoto wa koo mbalimbali, wengine wakiwa na ndugu ng'ambo ya mto, akisema kwamba Wahima ni watu wa kutoka mbali wenye akili ya kutawala na wengine ni wenyeji wa kutumwa, anarudia maneno ya msafiri yule kwa sauti ya serikali. Bado yanapatikana katika daftari za walimu wa zamani. Yafutwe.

Tumrudie Grant. Alikuwa Mskoti, aliyezaliwa Nairn mwaka 1827, naye mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya hata asiweze kutembea. Desturi ya Buganda haikuruhusu mgonjwa kuingia mbele ya Kabaka, kwa hiyo wajumbe wa Mutesa walipokuja na watu wao kumchukua Speke, Grant alibaki chini ya ulinzi wa Rumanyika. Alikaa hadi Aprili 1862. Kwa miezi hiyo mtawala wa Karagwe alimtunza mgeni asiyekuwa na faida yoyote ya haraka kwake, asiyeweza hata kuondoka, na ambaye mali yake ilikuwa ikipungua. Hapa hesabu zetu zote za siasa hazitoshi, na tunakubali kwamba alikuwa pia mtu mwema. Grant alichora picha na kukusanya mimea, na kitabu chake cha 1864 kinasomeka kwa utulivu zaidi kuliko cha mwenzake, labda kwa sababu mtu aliyelala kitandani huwatazama watu kwa muda mrefu zaidi.

Miaka iliyofuata haina mwandishi wa kukaa naye, na hatuna budi kuipita haraka. Biashara iliendelea. Kafuro ilikuwa na wakazi wake Waarabu, maarufu kati yao Hamed Ibrahim. Lakini katika miaka ya 1870 wafanyabiashara walizidi kuitumia njia ya ziwani, wakipanda mashua kusini ya ziwa na kuteremka Buganda bila kuiona Karagwe. Njia iliyomlisha Rumanyika ilianza kukauka akiwa bado kwenye kiti.

Mwishoni mwa Februari 1876 alikuja Stanley, naye akakaa karibu mwezi. Mfalme alikuwa mzee sasa. Alimpa mgeni mitumbwi na viongozi wa kuchunguza Kagera na maziwa yake, akamruhusu kwenda kwenye chemchemi za maji ya moto za Mtagata, na akamwonyesha hazina. Ndani ya nyumba ile ya duara Stanley aliona mikuki ya kila namna, ndege wa shaba, ng'ombe wa shaba na vitu vingine vya ufundi wa wahunzi wa Karagwe. Mwanachuo akiweza kupata picha ya ng'ombe wa chuma wa Karagwe, pembe zao ndefu zimepinda kama mwezi, hahitaji zana nyingine ya kufundishia. Na asipopata, udongo wa mfinyanzi na mikono ya watoto vyatosha.

Rumanyika alifariki mwaka 1878, baada ya kutawala zaidi ya miaka ishirini. Jambo lililomkosesha usingizi yeye likawakuta wanawe kwa ukali zaidi. Warithi waligombana, watoto wa kifalme waliuawa, na wageni wa Kafuro na mkono wa Buganda havikukosa katika ugomvi huo. Kisha ikaja sotoka ya miaka ya mwanzo ya 1890, iliyofyeka ng'ombe katika Afrika ya Mashariki yote. Kwa nchi ambayo utajiri wake ulisimama kwa miguu minne, pigo hilo lilikuwa kama kuchomwa kwa benki. Emin Pasha alipojenga boma la Wajerumani Bukoba mwishoni mwa mwaka 1890, Karagwe haikuwa tena nchi ya kuombwa ruhusa. Wajerumani walipata rafiki mkubwa mahali pengine, kwa Kahigi wa Kianja. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu, na viti vya Wahinda, wa Karagwe na wa Ihangiro pia, vikawa habari ya kale. Jina lenyewe limebaki: tangu mwaka 2019 iko Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe.

Kuhusu kupanga somo, tunapendekeza vipindi viwili, na kipindi cha kwanza kiishie kwenye ngoma na hoja ya Rogero. Agawe mwalimu darasa nusu kwa nusu, na kila upande umtetee mtu wake. Mwenye kumtetea Rogero apewe muda sawa, maana hakupata mwandishi. Kipindi cha pili kiwe cha wageni. Mwanachuo atakayefundisha Nshamba asitegemee ramani ya ukutani, ambayo huonyesha Afrika nzima na kuifanya Karagwe iwe nukta. Achore chini uwanjani kwa majivu kabla kengele haijalia: Ziwa Viktoria upande wa mashariki, Nshamba karibu yake, Ziwa Burigi kusini-magharibi, Bweranyange ng'ambo, na Kagera ikizunguka. Kaze na Buganda ziwekwe mbali kwa mawe. Mtoto mmoja atembee kutoka jiwe la Kaze akiwa na mzigo wa kuni kichwani, asimamishwe Usui na kudaiwa hongo, kisha aingie Karagwe asidaiwe kitu. Wanafunzi waulizwe hapohapo, kabla hajatua mzigo, ni nani aliyeulima mtama atakaoula jioni.